Kuonja Mvinyo kwa Ulimi Uliolelewa na Mbege: Mwongozo kwa Wakazi wa Moshi na Arusha

Katika nyumba nyingi za Uchagani, pombe haikabidhiwi mgeni kabla ya mwenyeji kuionja. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huletwa, mwenyeji hunywa funda la kwanza mbele ya macho ya watu, na baada ya hapo ndipo mgeni hupokea. Ukiketi na wazee wanaoijua mbege, utasikia maneno ambayo mwonjaji wa mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, angeyaelewa bila taabu kama angejua Kiswahili: hii bado changa, utamu wa ndizi haujatoka, hii imetulia, katika hii msesewa, yaani gome chungu la mti linalotiwa kwenye mbege, umezidi, uchungu unabaki kooni, hii imelala siku moja zaidi ya ilivyotakiwa, imekuwa kali. Wazee hao hupima utamu, uchungu, uchachu, nguvu ya kilevi na muda ambao ladha hukaa mdomoni baada ya kumeza, na hayo ndiyo mambo yanayopimwa katika mvinyo.

Naandika mwongozo huu kwa sababu nimewaona mara nyingi, Moshi na Arusha, watu wenye ulimi mzuri kabisa wakinyamaza mbele ya chupa ya mvinyo kwa kudhani kwamba elimu yake ni ya watu wengine. Vitabu vya mvinyo vimejaa majina ya matunda ya porini ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona, na mtu anayesoma kwamba mvinyo unanukia tunda asilolijua huhisi kwamba kasoro iko kwenye pua yake. Kasoro haiko huko. Pua ya mtu aliyekulia kwenye kihamba, kati ya migomba, mibuni na jiko la kuni, ina kumbukumbu nyingi kuliko anavyodhani, na kazi ya mwongozo huu ni kumwonyesha jinsi ya kuzitumia.

Mitaani wengi husema waini, na kanisani tumezoea kusikia divai. Hapa nitatumia mvinyo, kwa maana ya kinywaji kilichotengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyochachuka, na si pombe kali.

Kabla ya kufungua chupa

Jambo la kwanza, ambalo kwa maoni yangu huharibu mvinyo mwingi katika mji wa Moshi kuliko jambo jingine lolote, ni joto. Watu wameambiwa kwamba mvinyo mweupe hunywewa baridi na mwekundu hunywewa katika joto la chumba, nao huutii ushauri huo kwa uaminifu. Lakini joto la chumba linalosemwa hapo ni la nyumba za mawe za Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha nyumba joto kuenea, yaani nyuzi 16 hadi 18. Moshi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa mwezi Februari chumba hufika nyuzi 30 kwa urahisi. Mvinyo mwekundu ukinywewa katika joto hilo, kilevi hupanda puani kabla ya harufu ya tunda, na mnywaji huondoka akisema kwamba mvinyo mwekundu ni mkali na unaunguza. Si mvinyo uliokosea. Uweke kwenye friji kwa muda wa dakika 45 hadi saa nzima, au uzamishe kwenye ndoo yenye barafu na maji kwa dakika 10 hadi 12, na utaona kinywaji kingine kabisa.

Mvinyo mweupe hupendeza kati ya nyuzi 8 na 12, na ule wenye mapovu hupendeza ukiwa na baridi zaidi ya hapo kidogo. Usiache mvinyo mweupe kwenye friji hadi chupa iume vidole, kwa sababu baridi kali hufunga harufu, na mvinyo mzuri hauna tofauti na mbaya ukiwa umeganda. Kwa mkazi wa Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, miezi ya Juni na Julai ni rafiki mkubwa: chupa ya mvinyo mwekundu iliyokaa kabatini usiku wa baridi huwa tayari bila friji. Barafu ndani ya glasi siishauri kwa anayejifunza, maana inapoyeyuka unaonja maji.

Unaponunua, tazama chupa imekaa wapi. Duka ambalo chupa zake zimesimama dirishani zikipigwa na jua la mchana huuza mvinyo uliokwisha kuchoka, kwa sababu joto na mwanga huvunja harufu ya matunda. Tazama kama kizibo kimesukumwa juu, au kama kuna alama ya mvinyo uliovuja shingoni, kwa kuwa hizo ni dalili za chupa iliyopata joto kali, pengine barabarani. Kwa mvinyo mweupe wa bei ya kawaida, chagua wenye mwaka wa karibuni zaidi kwenye lebo. Mvinyo mwingi unaouzwa duniani umetengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache, na hadithi ya kwamba kila mvinyo huwa bora unapozeeka imewafanya watu wengi watunze kabatini chupa ambazo zilikuwa nzuri siku zilipoletwa.

Glasi iwe nyembamba mdomoni kuliko tumboni, ili harufu ikusanyike, na mvinyo usizidi theluthi moja ya glasi. Isuuze kwa maji matupu mara mbili, kwa sababu sabuni ya vyombo inayobaki hunukia kuliko mvinyo wenyewe. Usionje ukiwa umetoka kupiga mswaki, usijipulizie manukato, na usionje karibu na jiko lenye vitunguu vinavyokaangwa. Saa nzuri kuliko zote ni saa nne au saa tano asubuhi, ulimi ukiwa haujachoka na tumbo likiwa na njaa kidogo. Najua kwamba ni saa ngeni kwa kinywaji, lakini hapa hatunywi, tunaonja, na tofauti hiyo nitaieleza baadaye.

Gharama isikutishe. Chupa moja ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50 kila kimoja. Watu wanane wakichangishana kununua chupa tatu, kila mmoja ataonja aina tatu na bado kitabaki cha kunywa na chakula, na atajifunza zaidi kuliko mtu aliyenunua chupa moja ya bei kubwa akainywa peke yake.

Macho

Hapa hatuna haja ya kukaa sana. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na utazame rangi. Mvinyo mweupe unapozeeka hukolea kuelekea rangi ya asali, na mwekundu hufifia kuelekea rangi ya matofali, kwa hiyo mvinyo mweupe wa mwaka juzi wenye rangi ya chai hafifu unakupa onyo. Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda, kwa kuwa zabibu nyeusi nyingi zina maji meupe ndani. Mtengenezaji akiyaacha maganda yalale ndani ya maji yake anapata mvinyo mwekundu, akiyatoa baada ya saa chache anapata wa waridi, na akikamua na kuyatenga mara moja anaweza kupata mvinyo mweupe kutoka kwenye zabibu nyeusi, kama wafanyavyo huko Champagne, Ufaransa, kwa zabibu ya Pinot Noir. Michirizi inayoteremka ukutani mwa glasi baada ya kuizungusha huhusiana zaidi na kilevi kuliko na ubora, ingawa wengi huisifu.

Pua

Pua ndiyo mlango mkubwa. Ulimi hutambua mambo machache tu, yaani utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ule ukolezo wa supu ya nyama, na mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka kinywani hadi puani. Anayetaka uthibitisho aibane pua yake, atafune kipande cha ndizi, kisha aiachie.

Nusa kwanza bila kuitikisa glasi, mara moja, kwa muda mfupi. Kisha ishike kwenye shina lake, izungushe juu ya meza ili mvinyo upande ukutani na kukutana na hewa, na unuse tena. Usivute pumzi ndefu mara nyingi mfululizo, kwa sababu pua huchoka ndani ya sekunde chache. Ukiona imechoka, nusa mkono wako wa shati, kisha urudi.

Sasa tuje kwenye maneno. Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiazime. Harufu nyingi za mvinyo si mifano ya kishairi tu, bali hutokana na kemikali zilezile zilizomo katika vitu tunavyovijua. Mvinyo mwekundu wa zabibu ya Pinotage ukiwa mchanga mara nyingi hunukia ndizi mbivu, na sababu ni kwamba hamira, wakati wa kuchachua, huzalisha kemikali ileile inayoifanya ndizi mbivu inukie ndizi. Syrah, ambayo Waaustralia na wenzetu wa Afrika Kusini huiita Shiraz, mara nyingi ina harufu ya pilipili manga, kwa kuwa ganda la zabibu hiyo lina kemikali inayopatikana katika pilipili manga yenyewe. Cabernet Sauvignon iliyovunwa kabla ya kuiva vizuri hunukia pilipili hoho mbichi, nayo pia kwa sababu ya kemikali ya pamoja. Mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani kwa moto huupa mvinyo harufu ya vanila, ya moshi na ya karafuu, na ile ya karafuu hutoka kwenye mafuta yaleyale yaliyomo ndani ya karafuu za Pemba. Zabibu nyeupe ya Sauvignon Blanc hunukia karakara na majani yaliyokatwa asubuhi. Chenin Blanc ya nchi zenye jua hunukia pera lililoiva, limau na wakati mwingine asali. Badala ya matunda meusi ya porini ya vitabuni, sisi tuna zambarau na forosadi, nayo yanafaa kabisa kueleza Cabernet na Merlot.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote halihitaji hata tone la mvinyo. Nenda Soko la Mbuyuni asubuhi, ununue pera moja, karakara mbili, limau, ndizi kisukari iliyoiva sana, pilipili hoho, na zambarau kama ni msimu wake. Kutoka jikoni chukua pilipili manga, karafuu, asali, majani makavu ya chai na kahawa iliyokaangwa. Weka kila kimoja, kikiwa kimekatwa au kupondwa, ndani ya kikombe kisichoonyesha kilichomo, kifunike kwa kisahani, kisha mtu mwingine akupe kimoja kimoja ukiwa umefumba macho. Utashangaa jinsi utakavyokosea. Karakara, ambayo ungeitambua mara moja kwa macho, puani peke yake huwa ni kitu unachokijua lakini jina lake halitoki. Ukirudia zoezi hilo kwa majuma matatu, mara mbili kwa juma, majina yataanza kutoka yenyewe, na siku utakapoinusa Sauvignon Blanc neno litakuja kabla hujalitafuta.

Pua pia ndiyo hutambua ubovu. Mvinyo unaonukia boksi lililoloa au chumba kilichofungwa msimu wote wa masika umeharibiwa na kizibo chake, na hakuna dawa. Unaonukia siki umeingiliwa na bakteria wa siki. Ukinukia rangi ya kucha, ni ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Harufu kidogo ya kiberiti kilichowashwa mara nyingi huondoka baada ya dakika chache za hewa, kwa hiyo usikimbilie kuirudisha chupa. Hotelini, mhudumu anapokumiminia kidogo kwanza, anakuomba uthibitishe kwamba hakuna ubovu wa namna hii. Hakuulizi kama umeupenda. Ni desturi ileile ya funda la kwanza la mbege, isipokuwa hapa anayeonja ni mgeni.

Kinywa

Chukua funda la ukubwa wa kijiko cha chakula, lizungushe mdomoni hadi liguse ufizi na pande zote za ulimi, na ukiweza vuta hewa kidogo juu yake. Waonjaji wa kahawa wa Moshi, mji wa mnada wa kahawa na makao ya Bodi ya Kahawa, hufyonza kahawa kutoka kijikoni kwa sauti kubwa kwa sababu hiyohiyo: hewa huichukua harufu na kuipandisha puani. Na kama wao, tema. Katika malezi yetu kutema kinywaji mbele ya watu huonekana kama kukidharau, nami nilichukua muda kuizoea tabia hii, lakini mtu asiyetema hawezi kuonja chupa ya nne kwa haki. Weka kikombe au ndoo ndogo mezani, waeleze wenzako mapema, na hakuna atakayeona haya.

Kisha jiulize mambo haya kwa utaratibu.

Uchachu upimwe kwa mate. Baada ya kutema, inamisha kichwa mdomo ukiwa umefungwa: mate yakikujaa pande za ulimi kama ulivyolamba ndimu au embe bichi lenye chumvi, uchachu uko juu. Uchachu ndio uti wa mgongo wa mvinyo mweupe. Ukikosekana, kinywaji hulegea kama maji ya matunda yaliyokaa nje usiku kucha.

Utamu ndio huwachanganya watu zaidi. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni. Ikiimaliza sukari karibu yote, mvinyo huitwa mkavu, na kwa kawaida husemwa hivyo pale sukari iliyobaki haizidi gramu 4 kwa lita. Lakini mvinyo mkavu unaonukia pera na asali huidanganya akili ikadhani kuna sukari. Bana pua uonje tena: utamu wa kweli hubaki ulimini, ule wa harufu hutoweka. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, kati ya miaka ya 1850 na 1860, kwamba kuchachua ni kazi ya viumbe hai. Bibi zetu waliokuwa wakisubiri mbege ichemke yenyewe baada ya kuitia kimea cha ulezi walikuwa wakivitunza viumbe hivyohivyo.

Ukakasi ni neno ambalo Kiswahili kinalo na lugha nyingi zingelionea wivu. Ni ile hali ya mdomo kukauka na kukunjamana ukitafuna ndizi mshare mbichi au ukinywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Katika mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na kwa kiasi fulani kwenye mbao za pipa. Usiuchanganye na uchungu: uchungu huonjwa na ulimi kama msesewa, lakini ukakasi huguswa, unahisiwa na ufizi na mashavu. Jiulize ni wa namna gani. Je, unakwaruza kama gunia, au ni laini kama kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi? Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kufanya kazi ya kuonja kahawa, aliposhika glasi ya Cabernet kwa mara ya kwanza alisema tu, "Mwanangu, ndizi hii bado siku nne." Sijasikia maelezo bora zaidi ya mvinyo mwekundu mchanga.

Kilevi husikika kama joto kooni, na mvinyo mwingi huwa kati ya asilimia 11 na 15. Mwisho, hesabu sekunde ambazo ladha hubaki baada ya kutema. Ikiondoka kabla ya tano, ni mvinyo wa kawaida; ikizidi kumi na bado inapendeza, andika jina lake.

Zabibu na mahali zilikotoka

Anza na Dodoma, kwa sababu ni ya kwetu na kwa sababu inafundisha. Zabibu za mvinyo zilifika huko katikati ya karne ya 20 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, walioanzia Bihawana, kama kahawa ilivyofika Kilema kwa mikono ya wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, ni kame, na ukame huo ni neema kwa mzabibu, ambao huugua ukungu wa majani na matunda kwa urahisi pale penye unyevu ambao mgomba huupenda. Ulaya, mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye huuamsha kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili, kwa kawaida karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Huko Makutupora kuna kituo cha taifa cha utafiti wa zabibu, na zabibu nyekundu yenye jina hilo, pamoja na Chenin Blanc nyeupe, ndizo zinazolimwa sana.

Basi fanya ulinganisho wa kwanza: Chenin Blanc ya Dodoma kando ya Chenin Blanc ya Afrika Kusini, zote kavu, zote katika baridi moja. Zabibu hii asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Afrika Kusini waliiita Steen kwa muda mrefu, na mvinyo wa huko una historia ndefu, kwani Jan van Riebeeck, mkuu wa kituo cha Waholanzi kwenye Rasi ya Tumaini Jema, aliandika katika shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi hiyo ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Usiulize ipi ni bora. Uliza ipi ina mate mengi, ipi ina pera na ipi ina limau, ipi inabaki. Ulinganisho wa chupa mbili hufundisha kuliko chupa kumi zilizonywewa kwa siku mbalimbali.

Ulinganisho wa pili uwe kati ya Pinotage na Cabernet Sauvignon. Pinotage ilizaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, pale mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, ambayo huko iliitwa Hermitage, ndipo jina likaunganishwa. Cabernet Sauvignon nayo ni mtoto wa ndoa, ingawa hakuna aliyeipanga: uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba wazazi wake ni Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, yaani zabibu nyeusi na nyeupe. Hoho unayoinusa katika mtoto utaikuta kwa wazazi wote wawili.

Baada ya hapo, panuka. Malbec ya Mendoza nchini Argentina ni laini na yenye zambarau nyingi. Carmenere ya Chile ilidhaniwa kuwa Merlot hadi mwaka 1994, alipoitambua Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa. Lebo za Ulaya huwatatiza wengi kwa kuwa hutaja mahali badala ya zabibu, kama sisi tunavyosema mchele wa Kyela bila kutaja mbegu. Kumbuka machache: Chablis ni Chardonnay, Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, Chianti ni Sangiovese hasa, Barolo ni Nebbiolo, Rioja nyekundu ni Tempranillo kwa sehemu kubwa, na Bordeaux nyekundu ni mchanganyiko ambamo Cabernet Sauvignon na Merlot hutawala. Port, mvinyo mtamu na mzito wa bonde la Douro nchini Ureno, eneo lililowekewa mipaka rasmi mwaka 1756, hutiwa pombe kali wakati hamira bado inakula. Hamira hufa na sukari hubaki. Onja kidogo.

Historia ya mbali ni ndefu kuliko nafasi niliyonayo, ila mambo mawili yanamfaa mwonjaji. Mabaki ya mvinyo wa zamani sana yamepatikana katika vyungu vya Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, vyenye umri wa miaka 8,000 hivi; na vyungu vilivyozikwa na Farao Tutankhamun nchini Misri viliandikwa mwaka wa utawala, shamba na jina la mtengenezaji, yaani mambo yaleyale unayoyatafuta leo kwenye lebo. Jambo jingine ni la miaka ya 1860, wakati mdudu mdogo kutoka Amerika Kaskazini alipoanza kula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuangamiza sehemu kubwa ya mashamba ya Ulaya. Suluhisho lilikuwa kubebesha: tawi la mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Amerika linalomvumilia mdudu huyo. Anayenunua miche ya parachichi ya kubebesha kwa ajili ya shamba lake anaelewa kazi hiyo bila maelezo zaidi.

Mezani

Ukakasi hupenda mafuta na nyama, kwa sababu hujishika kwenye protini badala ya kujishika mdomoni mwako. Mbuzi choma aliyenona, kwa hiyo, hulainisha Cabernet iliyokuwa ikikwaruza asubuhi. Uchachu hukata mafuta: kitimoto kilichokaangwa kinaitaka Chenin Blanc kavu na baridi kama kinavyoitaka ile ndimu pembeni. Pilipili kali huongeza moto wa kilevi, kwa hiyo kwenye kachumbari yenye pilipili nyingi chagua mvinyo mwepesi wenye utamu kidogo. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, ndiyo yaliyonisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu ndizi zina utamu wao na mchuzi una chumvi na mafuta, na mvinyo mwekundu mzito uliyafunika. Pinotage changa iliyopoozwa ndiyo iliyokubali. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ni mpole mno kwa mvinyo mwekundu wowote. Uupe mweupe uliolala kidogo kwenye pipa.

Kila unachokionja kiandike kwenye daftari siku hiyohiyo: jina, mwaka, zabibu, mahali, bei, harufu tatu, na sentensi moja ya hukumu yako. Atakayeendesha gari ateme kila funda au abaki na maji, na walio chini ya umri wa miaka 18 washiriki zoezi la vikombe vya sokoni tu.

Chupa iliyobaki irudishiwe kizibo na iwekwe kwenye friji, hata kama ni mvinyo mwekundu, nayo itakaa siku mbili hadi tatu bila kupoteza mengi. Ule wa boksi lenye mfuko ndani hukaa majuma manne au zaidi, kwa kuwa hewa haiingii. Na ukikuta siku ya sita umechacha, usiumwage: ponda kitunguu saumu na tangawizi, uvichanganye nao, kisha uilaze humo nyama ya mbuzi usiku kucha kabla ya kuichoma.